Uzi kuhusu MS na kutembea: kipimo kinasema hujabadilika, miguu inasema umebadilika

Mwenda_Pole (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu ni mwaka wangu wa tisa na MS (multiple sclerosis). Kwa wasioujua, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mayelini, yaani ule utando unaozifunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichubuka, taarifa zinazotoka ubongoni kwenda miguuni huchelewa, au hupotelea njiani. Kwa hesabu ya mwaka 2020 tulikuwa watu zaidi ya milioni 2.8 duniani, na ukimuuliza mgonjwa yeyote kitu anachoogopa kukipoteza, kutembea hakikosi kwenye orodha.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya siku moja kliniki. Nilipimwa kile kipimo cha futi 25, ambazo ni mita 7.62. Unasimama kwenye mstari, unaambiwa utembee haraka uwezavyo lakini kwa usalama, saa inahesabu mpaka uvuke mstari wa pili, kisha unarudi ulikotoka na wanachukua wastani wa mara mbili. Nilipata sekunde 6.2. Mwaka uliotangulia nilikuwa na 6.0. Nikaambiwa, "Hongera, hujabadilika."

Ndani ya mwaka huohuo nilikuwa nimeacha kumsindikiza mtoto wangu shuleni. Kwenda nilikuwa naweza, kurudi ndiko kulikonishinda. Mguu wa kulia ulikuwa unaanza kuburuza nikishatembea kama robo saa, kidole gumba kinajikwaa hata kwenye sakafu tambarare. Nilikuwa nimeanguka mara mbili. Nilitoka kliniki nikiwa na hasira, na usiku hasira ikageuka kuwa shaka: pengine ni uvivu wangu tu.

Miezi miwili baadaye mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia nitembee dakika sita mfululizo kwenye korido, naye akaandika umbali wa kila dakika peke yake. Haya ndiyo niliyotembea kwa mita: 64, 61, 57, 52, 46, 40. Jumla 320. Dakika ya kwanza nilikuwa mtu mmoja, ya sita nilikuwa mtu mwingine. Alinionyesha karatasi ile nikashindwa kujizuia, nikalia. Nilikuwa nalia kwa sababu mtu mwingine ameona.

Nataka tuelewane hapa: sisemi futi 25 ni kipimo kibaya. Ninachosema ni kwamba kinajibu swali moja, na swali langu lilikuwa jingine. Kama kuna wenzangu waliopimwa kwa njia nyingine, au wataalamu waliomo humu, karibuni.

---

Nduguye

Pole sana dada. Umenigusa. Mdogo wangu ana MS na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kila mara faili lake linaandikwa EDSS 6.0, ile alama ya kiwango cha ulemavu unaoletwa na MS. Mwaka wa tatu huu ni 6.0, 6.0, 6.0. Mwanzo fimbo alikuwa anaibeba tu kwa tahadhari, leo bila fimbo hafiki mlangoni. Inawezekanaje namba isisogee?

---

Fizio_Korido

Nduguye, nikueleze namba hiyo inavyotengenezwa, maana watu wengi wanapewa bila maelezo.

EDSS ilitengenezwa na daktari wa neva Mmarekani, John Kurtzke. Alianza na mizani nyingine mwaka 1955, kisha akaipanua mwaka 1983 ikawa hii tunayoitumia. Inaanzia 0, mtu ambaye uchunguzi wa neva haukuona kasoro, hadi 10, kifo kutokana na MS. Chini ya 4 daktari anatazama zaidi mifumo mbalimbali: nguvu za misuli, uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba, macho, hisia za ngozi, kibofu na utumbo, na kadhalika. Kuanzia 4 kwenda juu, kutembea ndiko kunakotawala karibu kila kitu. Mita 500 bila msaada wala kupumzika ni 4.0. Mita 300 ni 4.5, mita 200 ni 5.0, mita 100 ni 5.5. Ukihitaji msaada wa upande mmoja, kwa mfano fimbo moja, ili ufikishe kama mita 100, uko 6.0. Ukihitaji msaada wa pande zote mbili kwa kama mita 20 ni 6.5. Ukishindwa kupita mita 5 hata kwa msaada, ni 7.0.

Sasa tazama ngazi ya 6.0 ilivyo pana. Anayeshika fimbo akatembea mita 100 kwa wepesi yumo, na anayeishika kwa nguvu zote, jasho linamtoka, akazifikisha mita hizohizo, naye yumo. Mdogo wako anaweza kushuka sana ndani ya ngazi moja bila namba kusogea. Halafu ngazi zenyewe hazilingani: kutoka 2 kwenda 3 si sawa na kutoka 6 kwenda 7. Ndiyo maana kuhesabu wastani wa EDSS kama wastani wa uzito au urefu kunapotosha.

Na kuna jambo linaloniudhi kila nikikutana nalo. Mahali pengi umbali ule haupimwi, unaulizwa. "Unaweza kutembea mita ngapi?" Mgonjwa anakisia, daktari anaandika. Watu wachache sana wanajua mita 300 ni umbali gani. Nimewahi kumtembeza mtu aliyesema mita 500, akasimama kwenye 180. Hakudanganya. Hakuwahi kupimiwa, basi.

---

Hatua_Mia

Mimi nitasema tofauti na nyote. Namba zote hizi ni za kuwaridhisha madaktari. Anayeumwa ndiye anayejua. Kwa nini asiulizwe yeye?

---

Mwenda_Pole

Hatua_Mia, anaulizwa, na kuna dodoso kamili kwa ajili hiyo. Linaitwa MSWS-12, lilichapishwa mwaka 2003 na Jeremy Hobart na wenzake Uingereza. Maswali 12 kuhusu wiki mbili zilizopita: MS imekuzuia kiasi gani kutembea, kukimbia, kupanda na kushuka ngazi, kusimama ukifanya shughuli, kutembea umbali mrefu, inakulazimu kushika kitu ukiwa ndani, ukiwa nje, na kadhalika. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Unajumlisha, unatoa 12, unagawanya kwa 48, unazidisha kwa 100. Namba ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Mimi nilipata jumla 38, ambayo ni kama 54 kati ya 100.

Swali lililonishika ni lile linalouliza ni kiasi gani unalazimika kufikiria unapotembea. Sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu. Mtu mzima wa afya hafikirii mguu wake. Mimi kila hatua naiagiza: inua, peleka mbele, weka. Mtu akinisemesha njiani nasimama kwanza ndipo nijibu. Nilidhani ni tabia yangu mpya tu, kumbe ni dalili.

---

Fizio_Korido

Hilo la kusimama ili ujibu ni muhimu sana, na tunalipima. Tunamtembeza mtu kawaida, kisha tunamtembeza tena huku anahesabu kwa kutoa saba saba kuanzia mia: 93, 86, 79... Tofauti ya mwendo ndiyo gharama ya kufikiri. Kwa mtu wa MS mara nyingi gharama hiyo ni kubwa, na barabarani, ambako kuna kelele, watu na magari, ndiko anakoilipa. Korido tulivu haimdai kitu.

---

Mzee_wa_Fimbo

Hatua_Mia nakuelewa, nami nilikuwa na msimamo huo. Nikupe kilichonibadilisha.

Nilipewa famprididini, samahani, famprodini... fampridini, hiyo ndiyo. Vidonge vya miligramu 10, kimoja asubuhi na kimoja baada ya saa 12. Nilivyoelezwa ni kwamba uzi wa neva uliochubuka unavujisha umeme kupitia vitundu vya potasiamu, na dawa inaviziba ili taarifa ifike mguuni. Haitibu MS. Haimfai kila mtu pia: aliyewahi kupata degedege au mwenye figo dhaifu haruhusiwi, na kwenye majaribio ni kama theluthi moja tu ya wagonjwa, wakati mwingine zaidi kidogo, ambao mwendo wao uliongezeka kwa uhakika. Marekani waliiidhinisha Januari 2010, na kipimo kilichotumika kuamua kama inafanya kazi ni hizohizo futi 25.

Nilipimwa kabla ya kuanza: sekunde 11.4. Wiki mbili nikameza, sikuhisi chochote. Uchovu palepale, miguu mizito palepale. Nilirudi nikiwa nimeshaamua kuacha. Nikapimwa: 8.9. Tukarudia siku nyingine ili tusijidanganye: 9.0. Mke wangu akasema ndiyo maana siku hizi hanisubiri tena kwenye ngazi. Yeye alikuwa ameona, mimi sikuwa nimeona.

Kwa hiyo mwili wako unaweza kukuficha kizuri vilevile unavyoweza kukuficha kibaya. Mgonjwa aulizwe, na apimwe pia.

---

Hatua_Mia

Nimekusikia mzee wangu. Sasa dada mwanzisha uzi, wewe kutoka 6.0 kwenda 6.2 na huyu kutoka 11.4 kwenda 8.9, nani kasema kipi ni mabadiliko na kipi si kitu?

---

Fizio_Korido

Swali zuri. Mtu yuleyule akipimwa futi 25 siku mbili tofauti, muda hupanda na kushuka bila ugonjwa kusogea. Kwa hiyo mpaka unaotumika sana ni asilimia 20. Chini ya hapo ni vigumu kusema kwa uhakika. Mwenda_Pole ana tofauti ya asilimia 3, Mzee ana karibu 22. Muda wenyewe pia una maana: watafiti walikuta kwamba kuanzia sekunde 6 watu wengi zaidi wanakuwa wamebadilisha kazi kwa sababu ya MS, na kuanzia sekunde 8 wengi wanahitaji vifaa vya kutembelea na msaada wa shughuli za nyumbani. Na mtu akishindwa kumaliza ndani ya dakika tatu, kipimo kinasimamishwa.

Ubaya wake ni kwa watu kama Mwenda_Pole. Mita 7.62 ni fupi mno kumchokesha. Kasoro yake inaanza pale korido ilipoishia. Neva iliyochubuka inaweza kupeleka taarifa chache za mwanzo vizuri, lakini ikitumika mfululizo na mwili ukipata joto, taarifa zinaanza kukatika. Wilhelm Uhthoff aliliandika jambo hili mwaka 1890, alipoona wagonjwa wake wakipungukiwa uwezo wa kuona baada ya kujishughulisha. Nusu digrii tu ya joto la mwili inaweza kutosha. Sasa utaionaje kwa mtu aliyetembea sekunde sita?

Hapo ndipo dakika sita zinapokuja. Kipimo hiki kilitoka kwa wagonjwa wa moyo na mapafu, na mwongozo wao wa mwaka 2002 unataka korido ya mita 30. Kwa MS maelekezo yamebadilishwa kidogo: unaambiwa utembee kwa kasi yako yote salama, bila kusimama kupumzika kama unaweza. Ninachosisitiza kwa wenzangu ni kuandika kila dakika. Jumla peke yake inaficha. Mtu aliyetembea 53, 53, 53, 53, 54, 54 naye ana mita 320 kama za Mwenda_Pole, lakini shida yao si moja. Wa kwanza anatembea polepole tangu mwanzo. Mwenda_Pole alipoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake kati ya dakika ya kwanza na ya sita, na watafiti wengine huanza kuliita hilo tatizo kwenye asilimia 10, wengine 15. Tiba zao pia hazifanani. Wa kwanza nitatazama nguvu, kukakamaa kwa misuli na kuyumba. Wa pili nitatazama pia kifaa cha kushikilia kifundo kisiangushe unyayo, mapumziko yaliyopangwa kabla ya kuchoka, na kuupoza mwili.

---

Kimya_Kimya

Nimesoma yote. Mimi niliacha kupimwa. Kila namba ilikuwa inanifuata kitandani. Nilikuwa na 5.0 nikawa nahesabu miaka ya kufika 6.0. Samahani kama navuruga uzi.

---

Mwenda_Pole

Huvurugi chochote, karibu sana. Nami nimepita huko. Kuna miezi sikutaka hata kuona saa ya kuhesabia sekunde. Hakuna anayekulazimisha, na unaweza kumwambia daktari akupime lakini asikutajie namba. Ni haki yako, mimi nilifanya hivyo mara mbili. Akiona kitu cha kubadilisha tiba atakuambia tiba, si namba.

---

Kimya_Kimya

Sikujua kama inawezekana kuomba hivyo. Asante.

---

Nduguye

Fizio, nyumbani kwetu hakuna korido ya mita 30. Na dakika sita kwa mdogo wangu ni nyingi mno. Simu yake inahesabu hatua, je hiyo haitoshi?

---

Fizio_Korido

Dakika sita zikiwa nyingi tumia mbili. Matokeo ya dakika mbili yanakwenda karibu sana na ya dakika sita, na mtu hatoki akiwa hoi. Unachopoteza ni ile picha ya kuchoka polepole.

Urefu wa njia si lazima uwe 30, ila uwe uleule kila mara. Njia fupi ina kona nyingi na kila kugeuka kunakula muda, kwa hiyo mita za kwenye njia ya mita 10 usizilinganishe na za korido ya hospitali. Pima njia kwa futi kamba, weka alama. Viatu vilevile, fimbo ileile, mkono uleule, saa ileile ya siku, na uandike kama amemeza dawa, kama kulikuwa na joto, kama alilala. Wewe tembea nyuma yake kidogo upande ulio dhaifu, usimtangulie, maana ukimtangulia atafuata mwendo wako. Weka viti njiani. Siku akiwa na kizunguzungu au alianguka jana, msipime. Na asijipime akiwa peke yake kamwe. Tafiti zimekuta kwamba ndani ya miezi michache tu karibu nusu ya watu wenye MS, au zaidi, huanguka angalau mara moja.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Mkipima kila siku mtakuwa mnapima usingizi na hali ya hewa.

Kuhusu simu: inasaidia kuona mwelekeo wa wiki na miezi, kama mtu ameanza kubaki ndani. Lakini hatua za polepole na za kuburuza huwa inaziruka, hasa kwa anayetumia fremu ya kutembelea. Hatua zikipungua kwenye simu, huenda hatembei, au huenda anatembea kwa namna ambayo simu haiitambui. Usimgombeze kwa ajili ya simu.

Jambo moja zaidi. Akishuka ghafla ndani ya siku chache, kabla ya kusema MS imeshambulia tena, mpimeni homa na mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanaweza kuangusha miguu, na yakitibiwa miguu ikarudi. Yote mawili ni ya kumpigia daktari siku hiyohiyo.

---

Mzee_wa_Fimbo

Hilo la mkojo nalithibitisha. Lilinilaza siku nne nikidhani ndio mwisho wa kusimama.

---

Mwenda_Pole

Nimerudi na habari. Jana nilikuwa kliniki, daktari yuleyule. Safari hii nilikwenda na karatasi moja: zile dakika sita za kwanza, nyingine nilizofanya miezi mitatu baadaye, alama za MSWS-12, na mistari miwili ya nilivyoanguka, wapi na saa ngapi. Nilijiandaa kubishana. Hakubishana. Aliisoma kimya, akarudi tena juu kuisoma upya, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu kwamba nilimwambia, ila sikuwa na namba. Akakaa kidogo, akasema samahani. Nimeithamini samahani ile kuliko anavyojua.

Nimeandikiwa kifaa cha kifundo, na picha mpya ya MRI kwa sababu anataka kujua kama ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Futi 25 zilikuwa 6.1.

---

Nduguye

Hongera dada, na asante Fizio. Leo asubuhi tumefanya mara ya kwanza. Njia ya mita 10 ukumbini, alama za utepe, viti viwili. Dakika mbili, mita 71, fimbo mkono wa kushoto, hakupumzika, alilala vizuri. Alipomaliza aliuliza ni nzuri au mbaya. Nimemwambia bado hatujui, ni ya kwanza. Akaniambia niiandike vizuri nisije nikaipoteza. Nimeibandika nyuma ya mlango wake.